Bustani juu ya mawe: namna ya kujenga matuta ya mboga kwenye parseli

Katika kartie nyingi za Goma, mtu akipiga jembe kwenye parseli yake husikia mlio wa chuma juu ya jiwe. Udongo ni vidole viwili au vitatu, na mahali pengine haupo kabisa. Tarehe 17 Januari 2002, moto wa volkano ya Nyiragongo ulipita katikati ya mji hadi ukaingia Ziwa Kivu. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ililipuka tena, na moto ukafunika nyumba na mashamba upande wa kaskazini. Moto ulipopoa, watu walirudi na kujenga nyumba za mbao juu ya jiwe jipya. Nyumba inaweza kusimama juu ya jiwe. Lengalenga haiwezi.

Bukavu shida ni nyingine. Udongo upo, tena mzuri, lakini parseli iko kwenye mteremko. Mvua moja kubwa ya mwezi wa kumi na moja inaweza kushusha hadi kwenye mfereji kazi ya miezi miwili. Uvira, watu wanaokaa karibu na Ziwa Tanganyika na mito inayoshuka milimani wanajua shida ya tatu: maji yakipanda, mizizi ya mboga inaoza.

Shida hizi tatu zina jibu moja, nalo ni kuinua udongo juu ya ardhi. Kazi hiyo huitwa tuta lililoinuliwa, na wengine husema plati-bandi ya juu. Ni ukuta mfupi wa mawe, matofali au mbao, uliojazwa udongo, wenye kimo cha goti au chini yake. Yafuatayo ni maelezo ya namna tuta linavyojengwa, kinachowekwa ndani yake, mboga zinazokubali, na mambo yanayoharibu kazi.

Tuta linasaidia nini, na halisaidii nini

Barabara kati ya mji na vijiji ikifungwa, iwe ni kwa vita, kwa daraja lililovunjika au kwa matope, mboga ya majani huwa kati ya vitu vya kwanza kupungua sokoni. Maharagi makavu yanakaa miezi ndani ya gunia. Lengalenga iliyokatwa asubuhi imelala kesho yake. Ju ya hiyo, familia yenye tuta dogo nyuma ya jikoni inaendelea kuwa na kitu cha kuweka kando ya bugali hata siku ambayo soko halikukusanyika.

Lakini tuta lisipewe sifa ambayo si yake. Mita mbili za mraba hazitoi fufu, hazitoi mchele, wala hazitoi mafuta. Zinatoa mboga na viungo: majani ya kijani mara mbili au tatu kwa wiki, vitunguu vya majani, seleri, pilipili. Kwa watoto wadogo na wanawake wenye mimba hilo si jambo dogo, ju majani ya kijani yana vitamini A na madini ya chuma ambavyo bugali peke yake haina. Hata hivyo familia itaendelea kwenda soko. Atakayeanza akifikiri kwamba tuta moja litalisha watu wanane ataacha mapema.

Mali ni udongo, si ukuta

Kosa linaloonekana sana ni kuanza na ukuta. Mtu ananunua mbao, anapigilia misumari, tuta linapendeza, halafu anakosa cha kujaza ndani. Miezi miwili baadaye ndani mna takataka na kuku wamelala humo.

Hesabu inaonyesha sababu. Tuta lenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na kimo cha sentimita 30 linameza lita 600. Hizo ni sawa na bidoni 30 za lita 20. Kwenye parseli ya mawe, udongo huo hautatoka chini. Utanunuliwa, utabebwa kwa chukudu, au utatengenezwa nyumbani. Kununua wote ni gharama ambayo familia nyingi haziwezi. Kutengeneza wote kunachukua muda mrefu. Njia ya katikati ndiyo inafaa: nusu ya udongo inatafutwa, na sehemu kubwa ya ile nusu nyingine inatoka jikoni.

Kwa hiyo kazi ya tuta inaanza miezi miwili au mitatu kabla ya tuta lenyewe. Katika Kivu, kiangazi kikubwa ni mwezi wa sita hadi wa nane, na mvua hurudi mwezi wa tisa. Anayeanza kukusanya maganda mwezi wa sita anaweza kujenga mwishoni mwa mwezi wa nane na kupanda mvua za kwanza zinapofika. Aliyechelewa ana nafasi ya pili: kukusanya kuanzia mwezi wa kumi na mbili, na kupanda mvua za mwezi wa tatu.

Kutengeneza udongo: komposti

Komposti ni mabaki ya mimea na mavi ya mifugo yaliyooza vizuri mpaka yakawa kama udongo mweusi. Vinavyohitajika ni vile ambavyo kila siku vinatupwa kwenye mfereji:

– vitu vibichi: maganda ya ndizi, ya viazi na ya mihogo, mabaki ya mboga, majani mabichi;
– vitu vikavu: majani makavu ya migomba, nyasi kavu, maganda ya maharagi, takataka ya mbao isiyo na rangi;
– mavi ya mbuzi, ya sungura, ya dende (simbilisi), ya ng'ombe au ya kuku;
– udongo kidogo, hata koleo mbili tu.

Vinapangwa kwa tabaka, kila tabaka kama upana wa kiganja: vikavu chini, vibichi juu yake, mavi kidogo, udongo kidogo, kisha vikavu tena. Lundo linalofikia mita 1 kila upande linapata joto la kutosha. Likiwa dogo sana, halipati joto na linaoza polepole.

Maji yawe ya kiasi. Ukishika kiganja cha komposti na kukikamua, kinapaswa kuwa kama kitambaa kilichokamuliwa: kibichi, lakini hakitoi mchirizi. Lundo linafunikwa kwa majani ya migomba au kipande cha bashi kuukuu ili mvua isililoweshe na jua lisilikaushe. Kila wiki mbili linageuzwa, ili kilichokuwa nje kiingie ndani.

Kuna namna rahisi ya kujua kama kazi inaendelea. Fimbo ndefu inachomekwa katikati ya lundo na kuachwa dakika chache. Ikitoka na joto, lundo linafanya kazi. Ikitoka baridi na kavu, linataka maji. Ikitoka na harufu mbaya, maji yamezidi, na linataka vitu vikavu na kugeuzwa.

Baada ya miezi miwili hadi mitatu, komposti inakuwa nyeusi, inanukia kama udongo wa chini ya miti, na ganda la ndizi halitambulikani tena. Lundo litakuwa limeshuka hadi nusu ya kimo chake au chini zaidi. Asishangae mtu: ndivyo ilivyo.

Vitu vingine havifai kuingia. Nyama, mifupa na mafuta vinaita panya na mbwa. Plastiki haiozi. Mawe ya radio na ya torshi yana sumu inayobaki ndani ya udongo. Majivu ya makala yanafaa, lakini kidogo tu, ngumi moja moja, ju yakizidi yanaharibu udongo. Mavi ya watu yasitumiwe kabisa kwenye bustani ya nyumbani. Kipindupindu ni ugonjwa unaorudi mara kwa mara katika miji iliyo kando ya Kivu na Tanganyika, na mboga ya majani ni njia yake moja.

Familia isiyo na nafasi ya lundo inaweza kutumia gunia lililotobolewa pembeni, au bidoni kuukuu iliyokatwa juu na kutobolewa chini. Kazi inakuwa polepole zaidi, lakini matokeo ni yale yale.

Onyo kwa wakaaji wa Goma na pembeni yake: mazuku

Vitabu vingi vya kilimo vinaelekeza kuchimba shimo la komposti. Goma, Sake na pembeni mwake ushauri huo unaweza kuua. Mahali pengi katika eneo hilo, gesi ya kaboni hutoka ardhini kupitia nyufa za mawe. Wakaaji wanaiita mazuku. Haina rangi, na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inalala kwenye mabonde na mashimo, zaidi usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Mbuzi, mbwa na hata watu wamekufa kwa kuingia ndani yake, na watoto ndio wa kwanza, ju ya kimo chao.

Kwa sababu hiyo, komposti hapo inawekwa juu ya ardhi, haichimbiwi shimo. Kama kuna bonde dogo kwenye parseli ambamo nyasi hukauka bila sababu, au ambamo ndege na wadudu hukutwa wamekufa, hapo si mahali pa bustani wala pa watoto kucheza. Wazee wa kartie mara nyingi wanajua sehemu hizo. Ni vizuri kuwauliza kabla ya kuchimba chochote.

Kujenga tuta, hatua kwa hatua

Mahali. Mboga inataka jua saa sita kwa siku au zaidi. Tuta likiwa karibu na jikoni, linaonekana, na kinachoonekana kinamwagiliwa. Lisiwe chini ya ukingo wa mabati, ju maji yanayoshuka yanachimba udongo. Lisiwe karibu na choo, na kwenye mteremko lisiwe upande wa chini wa choo.

Vipimo. Upana wa mita 1 unatosha. Mtu mzima anafikia katikati kutoka kila upande bila kukanyaga ndani, na hiyo ndiyo siri moja ya tuta: udongo usiokanyagwa unabaki laini, na mizizi inashuka bila shida. Tuta likiegemea ukuta wa nyumba, upana usizidi sentimita 60, kwa kuwa mkono utaingia kutoka upande mmoja tu. Urefu ni kadiri ya parseli, lakini kwa mara ya kwanza mita 2 zinatosha. Kati ya tuta na tuta inaachwa njia ya sentimita 40, ili mtu apite na bidoni.

Ukuta. Goma mawe ya volkano yako kila mahali, tena bure. Makubwa yanawekwa chini, madogo juu, na ukuta unalazwa kidogo kuelekea ndani ili uzito wa udongo usiusukume. Sima haihitajiki. Nafasi kati ya mawe zinazibwa kwa vijiwe na nyasi ili udongo usitoke. Bunia na Butembo, ambako matofali ni rahisi kupata, hata yaliyovunjika yanafaa. Vigogo vya migomba vinashika msimu mmoja, kisha vinaoza na kuwa chakula cha udongo. Mbao zinafaa pia, isipokuwa zile zilizopakwa rangi ya zamani au mafuta machafu ya moteri. Watu hupaka mafuta hayo ili kufukuza mchwa, lakini sumu yake inaingia kwenye udongo wa chakula.

Chini ya tuta. Hapa miji inatofautiana. Juu ya jiwe la volkano, maji yanapotea haraka kwenye nyufa na kubeba udongo mwembamba. Kwa hiyo chini panatandikwa majani makavu ya migomba au makartoni yasiyo na plastiki, ili kushika udongo. Kuongeza changarawe hapo ni kupoteza kazi. Uvira na mahali penye udongo wa mfinyanzi, kinyume chake: maji yanakawia, basi tuta linapandishwa hadi sentimita 40, mawe madogo yanawekwa chini, na mfereji mwembamba unachimbwa kando ili maji yapate njia.

Kujaza. Kwa tuta la lita 600, mchanganyiko unaofanya kazi vizuri ni bidoni 15 za udongo, bidoni 10 za komposti na bidoni 5 za mchanga mweusi wa volkano au mchanga wa mto. Mahali ambapo udongo wenyewe una mchanga mwingi, zile bidoni 5 zinakuwa komposti. Vyote vinachanganywa nje kwanza, kisha vinamwagwa ndani hadi kwenye ukingo. Mwenye bidoni 15 tu asisambaze udongo mwembamba kwenye tuta kubwa. Ajenge tuta la mita 1, na mwaka ujao aongeze la pili.

Kusubiri. Tuta likijaa, linamwagiliwa vizuri na kuachwa wiki moja. Udongo unashuka, magugu ya kwanza yanaota na kung'olewa. Baada ya hapo ndipo mbegu zinaingia.

Udongo utoke wapi? Usitoke kando ya barabara kubwa, wala mahali palipotupwa takataka za garaji. Usichimbwe ndani ya eneo la hifadhi. Na kwa wakaaji wa Bukavu, usichimbwe chini ya mteremko wa jirani. Kila mwaka mvua inashusha nyumba katika mji huo, na mguu wa mlima uliokatwa ndio unaoanguka kwanza. Tuta la Bukavu linajengwa likikata mteremko, si likishuka nao, na mfereji wa maji ya mvua unaachwa wazi. Tuta lililoziba mfereji linaweza kupeleka maji ndani ya nyumba ya jirani, na ugomvi wa maji kati ya majirani hauishi haraka.

Kwa mpangaji: bustani ya gunia

Watu wengi mjini ni wapangaji. Mwenye nyumba anaweza kusema ondoka mwisho wa mwezi, na ukuta wa mawe haubebeki. Kwa mpangaji, na kwa familia zilizokimbia vijiji vyao na kukaa mahali pembamba, gunia njo jibu.

Linachukuliwa gunia la kilo 50 au 100. Kopo kubwa lisilo na kitako linasimamishwa chini katikati ya gunia, na vijiwe vinajazwa ndani ya kopo. Udongo uliochanganywa na komposti unawekwa pembeni mwa kopo. Kisha kopo linavutwa juu, linajazwa vijiwe tena, udongo tena, hadi juu. Mwishoni kunabaki nguzo ya vijiwe katikati, na maji yakimwagwa juu yake yanafika hadi chini. Bila nguzo hiyo, juu panalowa na chini panabaki vumbi.

Kando ya gunia vinatobolewa vishimo, kimoja kutoka kingine kama sentimita 20, visifuatane kwenye mstari mmoja wa wima. Miche ya shu, ya spinashi au ya lengalenga inaingizwa humo, na juu panapandwa vitunguu au seleri. Gunia moja linachukua nafasi ya ndoo, lakini linabeba miche ishirini na zaidi. Jua likiwa kali, gunia la plastiki linachakaa kwa msimu mmoja au miwili. Likianza kupasuka, udongo unahamishiwa kwenye lingine.

Nini kipandwe, na kinakomaa lini

Lengalenga ni mwalimu wa anayeanza. Mbegu zinachanganywa na mchanga kidogo, zinamwagwa kwenye mistari, na baada ya wiki tatu au nne inaanza kuliwa. Ikikatwa sentimita 15 kutoka chini badala ya kung'olewa, inachipua tena, na inaweza kukatwa mara kadhaa kabla ya kutoa maua.

Shu huanza kwenye kitalu, yaani sehemu ndogo yenye kivuli. Baada ya wiki nne au tano miche inahamishwa jioni, kila mche sentimita 40 kutoka kwa mwenzake. Kichwa kinafunga baada ya miezi miwili na nusu hadi mitatu. Tuta la mita 2 linabeba shu kumi tu, kwa hiyo kati yake panapandwa vitunguu vya majani, vinavyotoka mapema.

Karoti inapandwa moja kwa moja, haihamishwi. Inataka udongo laini usio na jiwe. Jiwe moja linaigawanya karoti miguu miwili. Miche inapunguzwa mpaka ibaki sentimita 5 kati ya mmoja na mwingine, na mavuno ni baada ya miezi mitatu hivi. Mavi mapya yasiwekwe, ju yanaifanya iote ndevu.

Spinashi, seleri na pwaro zinapenda baridi ya Goma, Bukavu na Butembo. Spinashi na seleri zinavunwa majani ya nje, na moyo unaachwa uendelee.

Tomati ina taabu kwenye mvua za milimani. Mildiu inageuza majani kuwa meusi kwa siku chache. Inasaidia kupanda kwa nafasi ya sentimita 50, kufunga kila mti kwenye fimbo, kumwagilia chini ya shina bila kulowesha majani, na kupanda ili matunda yatoke wakati wa kiangazi. Joto la Uvira linaifaa tomati kuliko baridi ya Butembo.

Matembele yanafaa pembeni mwa tuta: yanatambaa nje ya ukuta na hayali nafasi. Sombe ni mboga ya kila nyumba, lakini muhogo usipandwe ndani ya tuta. Mizizi yake itasukuma ukuta na kula udongo wa wote. Nafasi yake ni kwenye ukingo wa parseli.

Msimu ukiisha, mboga za majani zisirudi mahali pale pale mara kwa mara. Baada ya shu, maharagi yanafaa, ju mizizi yake inarudishia udongo nguvu.

Maji

Wakati wa kiangazi, mita moja ya mraba inahitaji kama lita 5 kwa siku. Tuta la mita 2 linataka nusu ya bidoni. Mahali ambapo maji yanachotwa ziwani au kununuliwa kwa bidoni, hilo ni zito, na mara nyingi mzigo unaangukia wasichana. Njia ya kupunguza ni kufunika udongo kwa nyasi kavu, unene wa vidole vitatu. Nyasi zinazuia jua kunyonya maji, na zinazuia mvua kupiga udongo. Kumwagilia ni asubuhi mapema au jioni. Maji yaliyooshea mchele au mboga yanafaa. Maji ya sabuni nyingi hayafai. Maji ya mfereji wa barabara hayaguswi, hata mboga ikiwa imelala.

Kwa wale wanaokinga maji ya mabati karibu na volkano: moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira unaweza kufanya mvua iwe na asidi. Baada ya wiki kavu, maji ya kwanza ya mabati yanaachwa yamwagike. Majani yakipata madoa ya kuungua baada ya mvua ya namna hiyo, yanasuuzwa kwa maji safi.

Kuku, wadudu na dawa

Adui wa kwanza wa tuta jipya ni kuku. Dakika kumi zinamtosha kufukua kitalu chote. Miti myembamba iliyochomekwa kuzunguka, matawi yenye miiba au kipande cha wavu vinatosha. Mbuzi anataka uzio wa juu zaidi.

Vidukari, wale wadudu wadogo wanaojikusanya chini ya majani ya shu, wanaondolewa kwa vidole, au kwa maji yenye sabuni kidogo yanayonyunyizwa jioni na kusuuzwa asubuhi. Konokono wanaokotwa usiku kwa torshi. Majivu makavu kuzunguka shina yanawazuia mpaka mvua inyeshe.

Dawa za wadudu zinazouzwa sokoni kwenye vichupa visivyo na karatasi ya maelezo ni hatari. Mboga ya majani inaliwa yote, na inayochumwa asubuhi inaliwa mchana. Bustani ya nyumbani ni ndogo: jicho na mkono vinatosha. Na mboga, hata iliyootea nyumbani, inaoshwa kwa maji safi kabla ya kupikwa.

Mwaka wa pili

Tuta linashuka kila msimu, vidole viwili hadi vinne, ju komposti inaliwa na mimea. Kabla ya kupanda tena, bidoni mbili au tatu za komposti mpya zinaongezwa juu. Haihitaji kuchimba upya wala kununua udongo wote. Ndiyo maana lundo la maganda halivunjwi baada ya tuta la kwanza. Familia inayoacha kukusanya maganda itaona mboga ya msimu wa tatu ni nyembamba na ya njano, itasema mahali hapa hapakubali, na kumbe ni udongo uliochoka.

Swali moja linarudi kila mara katika miji hii: "Nijenge bustani ya nini, na sijui kama mwezi ujao niko bado hapa?" Waliokimbia mara mbili au tatu wana haki ya kuliuliza. Jibu la vitendo ni kwamba gunia linabebeka, na mbegu ni nyepesi kuliko gunia. Mti mmoja au miwili ya lengalenga inaachwa ikauke na maua yake. Vichwa vinapukutwa juu ya kitambaa, makapi yanapeperushwa, na mbegu zinaanikwa kivulini siku tatu kabla ya kuwekwa kwenye chupa kavu iliyofungwa vizuri. Kifuniko kimoja cha chupa kinabeba maelfu ya mbegu, zinazotosha matuta kadhaa. Kinaingia mfukoni pamoja na karatasi za nyumba, na mahali popote penye gunia moja la udongo kinaanza tena.